Ngozi ya Kiti na Ngozi ya Mkono

Mwezi wa nane Kolwezi, mji wa machimbo wa Kongo, haioni mvua. Tangu Mei mbingu imefunga, udongo umekauka, na kila lori linaloingia mjini kutoka upande wa Likasi linaburuta wingu jekundu lisilo na haraka ya kutua. Vumbi hilo linaingia kwenye sahani ya bukari, kwenye kola ya shati, puani mwa mtoto na kwenye mishono ya viti vya ngozi vya magari makubwa yanayokwenda na kurudi migodini. Waosha magari wanapata riziki yao humo. Kandokando ya barabara za Dilala na Manika vijana wanasubiri na ndoo, sponji, matambara, na safu ya chupa zilizokwishapoteza majina.

Mlango wa nyuma wa gari uko wazi. Kijana amepiga goti kwenye kizingiti, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti, mwingine unasugua. Chupa iliyo karibu naye ilikuwa ya maji ya kunywa. Sasa ina kitu cha manjano chenye harufu ya kuchoma macho. Kitambaa kinatoka na rangi mbili: weusi wa uchafu na ukahawia wa kiti chenyewe. Vidole vyake vimechanika kwenye viungo, na kuzunguka kucha ngozi imepauka kama iliyopakwa chokaa. Kiti kinang'aa. "Papa, iko safi sasa," anamwambia mwenye gari, na kweli ni safi. Kinachobaki kuulizwa ni kama ni salama, na salama kwa nani.

Mtu anayetafuta dawa ya kusafishia viti vya ngozi na losheni ya kuvilainisha huuliza kwa kawaida jambo moja tu: haitaharibu kiti? Swali hilo ni la haki. Kiti cha ngozi ni mali, na kutunza mali ni adabu. Lakini katika mji ambao udongo wake unachimbwa, unapakiwa na kusafirishwa mchana na usiku, swali la usalama wa ngozi haliwezi kuishia kwenye kiti. Humo garini ngozi ni mbili, na moja tu ndiyo iliyotajwa kwenye chupa.

Kwanza kiti. Ngozi ya gari la kisasa ni nadra kuwa ngozi tupu. Ikishaondolewa manyoya na kutengenezwa, mara nyingi kwa chumvi za kromiamu, hupakwa rangi, na juu ya rangi hupakwa utando mwembamba wa plastiki ya poliuretani. Anayepangusa kiti chake anapangusa utando huo. Ngozi ya ng'ombe iko chini, haiguswi. Tone la maji linatosha kuonyesha. Liangushwe mahali pasipoonekana, chini ya mkunjo wa kiti. Likisimama kama shanga, ngozi imefunikwa. Likinywewa na kuacha doa jeusi, hiyo ni ngozi tupu, na inahitaji mkono wa taratibu zaidi.

Kwa hiyo mafuta mazito yanayouzwa kwa ahadi ya kulisha ngozi hayana mlango wa kuingilia kwenye viti vilivyo vingi. Hubaki juu, yakateleza, yakakamata vumbi. Losheni za silikoni zinazotoa mng'aro wa kioo nazo hubaki juu vilevile. Penye hewa safi hilo ni kero ndogo ya suruali. Kolwezi, kiti chenye mafuta ni mtego wa vumbi la machimbo, na anayekalia siti ya nyuma mara nyingi ni mtoto, ambaye atashika kiti na kisha atashika mdomo wake.

Utando huo una maadui wanaojulikana. Petroli na thina huuyeyusha. Ndiyo maana kitambaa cha yule kijana kilitoka na ukahawia, kwani alikuwa anang'oa rangi, na mng'aro ule ulikuwa wa kiti kinachoanza kuchunwa. Javeli, dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, hupausha rangi na kuudhoofisha utando. Amonia nayo hula polepole. Hata sabuni ya kipande, ile ya kufulia, huacha ukali wa magadi ambao mwezi baada ya mwezi hukausha ngozi mpaka ikapasuka kwenye mikunjo. Jua la mchana ndani ya gari lililofungwa huimalizia kazi hiyo.

Hapa kemia inatoa ushahidi ambao ungemfaa mwanafalsafa. Ngozi iliyotengenezwa hubaki na tindikali kidogo. Kwa kipimo cha pH huwa kati ya 3.5 na 5 hivi. Ngozi ya binadamu aliye hai, upande wa juu, nayo ina tindikali kidogo, karibu na 5. Sabuni ya kipande hufika 9 au 10. Katika kipimo hicho kila hatua ni mara kumi, kwa hiyo kutoka 5 hadi 9 ni umbali wa mara elfu kumi. Ng'ombe amekufa zamani na kijana yuko hai, lakini ngozi zao zinaumizwa na kitu kilekile kwa sababu ileile. Sabuni inayopasua kiti ndiyo inayopasua mkono.

Undugu huo una mpaka wake, na mpaka wenyewe una uzito. Ngozi ya kiti haijitengenezi upya, lakini pia haiumwi. Ngozi ya mkono hujitengeneza upya kila baada ya wiki chache, lakini ni mlango: vimiminika vingi vyenye harufu kali hupita ndani yake vikaingia kwenye damu, na mvuke wake hupita mapafuni. Mwaka 1999 na 2000 huko California, Marekani, mafundi wa magari waliripotiwa kupata ganzi na udhaifu wa mikono na miguu baada ya kutumia dawa za kusafishia breki zilizokuwa na heksani. Mishipa yao ya fahamu ilikuwa imeharibika. Petroli nayo ina benzeni, ambayo inajulikana kusababisha saratani ya damu. Kiti kilichosuguliwa kwa petroli kinaweza kupakwa rangi upya na fundi. Mishipa ya fahamu haina duka la rangi.

Dini zimeitazama ngozi kwa muda mrefu. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 3, kabla Adamu na mkewe hawajatolewa bustanini, Mungu anawatengenezea mavazi ya ngozi na kuwavika. Wengi husoma sura hiyo kwa hukumu tu na kuipita ile kazi ya mikono. Aliyehukumu ndiye aliyeshona, na alichoshona kilikuwa cha kukinga miili miwili. Wanazuoni wa Kiislamu nao wamezungumza kwa kirefu juu ya dibagha, yaani kuitengeneza ngozi ya mnyama aliyekufa mpaka ikatwaharika. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani ya Uswahilini, ngozi zote hutwaharika kwa njia hiyo isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Kiswahili kimerithi kutoka huko tofauti ambayo mwosha magari angeielewa mara moja: kitu kinaweza kuwa safi na kisiwe twahara. Usafi unaonekana kwa macho, utwahara unaulizwa kwa njia iliyofuatwa. Gari linalong'aa mbele ya kijana mwenye vidole vinavyotoa maji limepata usafi. Njia iliyofuatwa bado inadai jibu.

Kolwezi ina haki ya pekee ya kuuliza jambo hili, kwa sababu Kiswahili chake kimewahi kufanya falsafa, tena ndani ya kambi za wachimbaji. Mwaka 1945 padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, aliyekuwa amefanya utume Katanga tangu miaka ya 1930, alichapisha huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kitabu juu ya falsafa ya Kibantu. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba kwa Wabantu kuwa ni nguvu yenyewe. Kwamba kila kiumbe huongezewa au hupunguziwa nguvu na wengine. Na kwamba viumbe vimepangwa kwa daraja, Mungu juu, kisha waliotangulia, kisha watu walio hai, na chini yao wanyama, mimea, na mwisho kabisa mawe na madini, yaliyowekwa kwa ajili ya watu. Baadaye, miaka ya 1950, akiwa Ruwe, kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya Union Minière kandokando ya Kolwezi, ilizaliwa kati yake na wafanyakazi na wake zao harakati iliyoitwa Jamaa. Mafundisho yake yalisimama juu ya maneno matatu ya Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyeitafiti, alichapisha kitabu juu yake mwaka 1971.

Kitabu cha Tempels kilipingwa, na kwa sababu nzuri. Paulin Hountondji wa Benin alikataa wazo kwamba watu wa kabila zima wanaweza kubebeshwa falsafa moja wasiyoijua wenyewe. Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, mji ulio kwenye njia hiyohiyo ya shaba, alionyesha mwaka 1988 jinsi maarifa ya aina hiyo yalivyokuwa sehemu ya kuibuni Afrika machoni pa wageni. Lakini pigo linaloligusa gari letu lilitoka Martinique. Mwaka 1950 mshairi Aimé Césaire aliuliza kwa hasira: kama Mbantu anachotaka ni kuheshimiwa nguvu zake za rohoni tu, basi mshahara, nyumba na chakula havina haja tena, na mwenye mgodi amepata falsafa isiyomgharimu kitu.

Césaire alikuwa na haki, na haki yake haijachakaa. Heshima isiyofika kwenye glavu ni heshima ya bei rahisi mno. Hata hivyo watu wa Jamaa walikuwa na lao. Walichukua neno uzima wakalifanya la kwao, la mume na mke, la nyumba, la mwili. Katika Kiswahili uzima haujapata kuwa jambo la roho peke yake. Mzima ni asiye mgonjwa, ni asiyevunjika, ni aliyekomaa. Sahani isiyo na ufa ni nzima. Mtu akikutana na mwenzake baada ya siku nyingi anauliza kama yu mzima, naye anakusudia mapafu, tumbo na moyo kwa pamoja. Salama inaweza kuandikwa kwenye chupa. Uzima unamhitaji mtu wa kuulizwa.

Na Kolwezi watu wameulizwa, kwa mkojo na kwa damu. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, mkazi mmoja aliyekuwa akichimba kiwanjani kwake aligundua mawe yenye kobalti. Habari zilienea, na kwa muda mfupi mashimo yakatobolewa baina ya nyumba na hata ndani ya nyumba, sakafu zikawa milango ya mahandaki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, wakiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, waliwapima wakazi na vumbi la nyumba zao. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2018. Watoto wa mtaa wa machimbo walikuwa na kobalti kwenye mkojo takriban mara kumi ya watoto wa mahali pengine. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamebeba gunia lolote. Vumbi liliwafuata walipokuwa wanacheza.

Neno la pili la Jamaa, uzazi, linauma zaidi. Mwaka 2020 jarida la afya la ukoo wa Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Lubumbashi juu ya watoto waliozaliwa na kasoro za mwili. Ilionekana kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi pale baba alipokuwa na kazi ya migodini. Mwanamume anayerudi jioni na vumbi kwenye nguo amekaa njiani kwenye kiti fulani. Kiti hicho kitapanguswa na mtu fulani.

Kwa hiyo kusafisha gari katika ukanda huu wa shaba ni kugusa mgodi kwa mara ya pili. Ushauri wa kawaida, kwamba vumbi litolewe kwanza kwa brashi kavu kabla ya kitu chochote chenye maji, unafaa kwa kiti kwa sababu chembe ngumu hukwaruza utando. Kwa mapafu ya kijana aliyeinama ndani ya gari ushauri huo haufai. Penye mashine ya kufyonza vumbi, itumike. Isipokuwepo, afadhali kitambaa chepesi kilicholowa na kukamuliwa, kipite juu ya kiti bila kukandamizwa, kisuuzwe, kipite tena, na maji yabadilishwe mapema kuliko macho yanavyodai. Hii ni mojawapo ya nafasi chache ambapo ngozi mbili zinagombana, na ni vizuri mwenye gari aamue mapema ni ipi itakayopewa mkwaruzo.

Yapo magari yanayodai kumaliza ugomvi kwa kuiondoa ngozi kabisa. Mwaka 2021 kampuni ya Volvo ilitangaza kwamba magari yake ya umeme hayatakuwa tena na viti vya ngozi ya mnyama. Huruma kwa ng'ombe ni jambo la kweli, na anayeihisi asichekwe. Lakini kiti kisicho cha ngozi bado hufunikwa kwa plastiki inayooshwa na mkono wa mtu, na betri nyingi za magari ya umeme, ingawa si zote, zinatumia kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, na sehemu kubwa yake kwenye udongo huu wa Lualaba. Dhamiri ya mnunuzi wa mbali imefika kwenye zizi. Njia ya kutoka huko hadi Kasulo bado ni ndefu.

Ngozi na kobalti vimewahi kukutana kwa namna isiyotarajiwa. Mwaka 2013 madaktari wa Denmark walieleza habari za mwanamume aliyesumbuliwa kwa muda mrefu na upele ambao sababu yake haikupatikana. Mwishowe walipima sofa lake la ngozi, wakakuta kobalti ndani yake. Alipoacha kulitumia, ngozi yake ikaanza kupona. Mtu huyo pengine hakuwahi kusikia jina la mji wowote wa Kongo. Mwili wake uliijibu metali ileile inayoifikia miili ya Kasulo, isipokuwa yeye alipata daktari wa kuuliza ameketi wapi.

Basi chupa ichaguliwe vipi? Iwe ya maji, isiwe ya petroli wala thina. Iwe laini, karibu na kiwango cha kati au yenye tindikali kidogo, isiyo na javeli wala amonia. Losheni ya kulainisha iwe nyepesi, isiyoacha mafuta, ipakwe mara chache kwa mwaka, na kwa ngozi iliyofunikwa kazi yake kubwa ni kuukinga utando dhidi ya jua na msuguano. Ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana, isubiriwe ikauke. Mikono ivae glavu, milango yote iwe wazi. Haya yote yameandikwa kwenye chupa nyingi, na hapo shida ya Kolwezi inaanza, kwa sababu chupa imeandikwa Kichina, au Kiingereza, au Kiarabu cha soko la Dubai, na anayeishika anasoma Kifaransa kidogo na anaongea Kiswahili siku nzima.

Zipo hata hivyo alama zisizohitaji lugha, miraba iliyosimama kwa pembe yenye ukingo mwekundu. Mwali wa moto unajieleza. Alama ya mshangao inaonya juu ya mwasho na madhara ya kiasi. Mkono unaomwagiwa tone na kuliwa ni wa vitu vinavyounguza. Ipo moja inayostahili kufundishwa kwa kila kijana mwenye ndoo kabla hajafundishwa kushika sponji: kivuli cha mtu, kichwa na mabega, na kifuani mwake kitu kama nyota iliyopasuka. Hiyo ni ya madhara ya muda mrefu, kama saratani, mapafu yaliyoharibika na madhara kwa uzazi. Neno lilelile la Ruwe, limechorwa na watu wa mbali bila kulijua. Chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa dawa ya manjano haina kivuli hicho popote. Kilibaki kwenye dumu kubwa, nyuma ya kaunta ya aliyeuza kwa kipimo.

Mwenye gari ana uwezo hapa kuliko anavyodhani, na neno la tatu, mapendo, linaweza kuanzia kwenye uwezo huo mdogo. Anaweza kuleta chupa yake mwenyewe, ikiwa na karatasi yake. Anaweza kuikataa ile isiyo na jina, kwa upole, kwa kuwa kijana hakuichagua kwa ubaya. Aliinunua kwa sababu inamaliza kazi upesi na foleni ni ndefu. Mwenye gari anaweza pia kusema kwamba kiti kisipong'aa leo, malipo ni yaleyale. Hili la mwisho ni gumu kuliko yote. Mng'aro ndio unaolipwa, na kijana anajua hivyo kabla gari halijasimama.

Kiti kilichosafishwa vizuri haking'ai. Kinarudia ule ufifi wake wa kwanza, kama ngozi ya mtu aliyeoga na kujifuta. Mwenye gari anapitisha kiganja juu yake, hakuna mafuta, hakuna chembe. Nje, kijana anamwaga ndoo ya tatu. Maji yake yana wekundu wa barabara na chini yake, yakitulia kidogo kwenye mtaro, yanaacha mstari mweusi mwembamba. Anavua glavu, anaziosha zikiwa bado zimeelekezwa chini, anazianika kwenye kioo cha pembeni cha gari linalofuata.